Nusu Saa Ambayo Mama Saa Hakuiandika

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu, mwenzetu tunayemwita Mama Saa atastaafu rasmi. Kwa kawaida ukurasa huu wa jarida letu huandikwa mapema. Safari hii ulichelewa, kwa sababu hadi wiki iliyopita hatukujua kama mwenzetu anaondoka na pensheni ya maisha au anarudishiwa michango yake mara moja na kupewa mkono wa kwaheri.

Alianza kazi katika chumba cha nyuma cha zahanati, kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Wanafunzi walikalia fremu za vitanda na kuandikia magotini. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa saa mbili na robo na hakuna aliyejua ni ya asubuhi au ya jioni, basi yeye akachora saa kwa chaki ubaoni. Somo lake la kwanza kwa kila mgeni halikuwa herufi, lilikuwa saa. Alisema mtu anayejua saa hapunjwi siku yake ya kazi. Tangu hapo kila mwanafunzi wake alitakiwa kuandika juu ya ukurasa tarehe na saa ya kuanza, na chini kabisa, saa ya kumaliza. Hata asiyejua kuandika jina lake bado, hayo alinakili ubaoni. Ndipo jina la Mama Saa lilipomganda.

Hapa naomba vijana wetu wasome polepole, maana jambo hili linawahusu. Sisi walimu wa elimu ya watu wazima hatuhesabiwi miaka kama karani anayeingia ofisini asubuhi na kutoka jioni. Mwaka wetu hupimwa kwa saa. Ukifundisha saa mia tatu na sitini au zaidi, mwaka huo ni mwaka kamili. Ukipungukiwa hata na moja, mwaka mzima haumo, hata kama hukukosa kipindi. Na anayetaka pensheni ya kila mwezi lazima awe na miaka kamili ishirini.

Barua ya ofisi ya mafao ilifika Jumatatu, wiki tatu zilizopita. Ilisema Mama Saa ana miaka kamili kumi na tisa, na kwamba pingamizi, kama lipo, lipelekwe ndani ya siku kumi na nne. Tulidhani karani amekosea. Tukafungua madaftari ya saa, yale ambayo kila mwalimu huandika mwenyewe baada ya kipindi, tukaona karani hakukosea. Katika miaka saba ya mwanzo, darasa lake lilikuwa la saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri, siku mia mbili kwa mwaka. Hizo ni saa mia nne. Lakini kila siku, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika saa moja na nusu. Jumla ikawa mia tatu tu. Miaka yote saba ikaanguka; iliyofuata iliokolewa na siku tu, zilizoongezwa hadi mia mbili na hamsini kwa mwaka.

Tulipomuuliza, alishangaa kwamba tunashangaa. Nusu saa ya mwisho, alieleza, ilikuwa ya waliochelewa kutoka vibaruani na ya wazee waliokuwa wazito wa kushika. Hiyo aliitoa mwenyewe. "Sasa nitadaije kitu nilichokwisha kukitoa?" akasema, akaendelea kusahihisha madaftari. Mumewe, seremala aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo, alikuja ofisini kutuomba tumshawishi. "Mimi nimeongea hadi nimekauka," alisema. "Mke wangu akisema hapana, hata randa haipiti." Siku nne zikapotea hivyo.

Aliyemgeuza ni mwanafunzi wake wa zamani, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na zahanati. Aliingia na tepu bado iko shingoni, akatupa mezani madaftari matatu yaliyofungwa kwa uzi, ya mwaka wa nne wa kazi ya Mama Saa. Kila ukurasa: tumeanza saa tisa, tumemaliza saa kumi na moja.

"Mwalimu," akasema, "ulitufunza tuandike saa ya kweli. Leo unasema kipindi kilikwisha saa kumi na nusu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyedanganya humu?"

Mama Saa alifungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili, akavua miwani. Kisha akasaini fomu ya pingamizi.

Ofisa wa mafao ni binti mpole, anayeamkia kila mzee kabla hajakaa. Alisoma madaftari ya fundi hadi mwisho. "Mimi nakuamini, mwalimu," akasema, "ila fomu haina kisanduku cha kuamini." Kanuni inakubali maandishi ya wakati uleule yaliyoandikwa na mtu mwingine, lakini kila nusu saa lazima iwe na siku yake. Zilihitajika saa sitini, yaani siku mia moja na ishirini za mwaka uleule. Madaftari ya fundi yalikuwa na siku sitini na nne.

Tukabaki na siku tisa za kutafuta. Mwashi mmoja alileta daftari lenye madoa ya saruji, likatupa siku ishirini na tisa mpya. Mpagazi wa sokoni akaleta lake, siku kumi na nane. Wengine walikuja mikono mitupu: mchwa, mvua, wajukuu. Mmoja alikiri kwamba lake aliwashia jiko, akaomba radhi kana kwamba ameunguza nyumba. Jioni ya siku ya kumi na tatu tulikuwa na siku mia moja na kumi na moja. Tisa zilikosekana, na ofisi ingefunga kesho yake saa kumi alasiri.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe wa Mama Saa, aliyekwisha kututoka. Naye alisoma darasa lile. Darasani alimwita mkwewe "mwalimu" na kunyoosha mkono akitaka kutoka nje. Wakifika nyumbani, mwalimu ndiye aliyeomba ruhusa. Alikuwa mzito kuliko wote, na nusu saa ile ya mwisho ilikuwa yake hasa.

Asubuhi ya siku ya mwisho, seremala alikumbuka sanduku alilomtengenezea mama yake. Hakuwa amelifungua tangu msiba. Chini ya nguo, ndani ya mfuko wa sukari, palikuwa na daftari moja. Alilileta amelikumbatia, saa sita na nusu mchana, jasho likimtiririka. Tulihesabu mara mbili, mmoja akisoma tarehe, mwingine akitafuta kwenye orodha. Siku ishirini na tatu. Kumi na mbili tulikuwa nazo tayari. Kumi na moja zilikuwa mpya.

Ofisa alipiga muhuri saa tisa na dakika ishirini. Siku mia moja na ishirini na mbili, saa sitini na moja. Mwaka wa nne umesimama, na pensheni nayo. Lile daftari la mwisho aliliomba kwa ajili ya nakala tu, akalirudisha kwa mikono miwili.

Vijana, andikeni saa zenu zote. Ukarimu wenu hautapungua kwa kuandikwa.

Jumatano iliyopita Mama Saa alifundisha kipindi chake cha mwisho. Wanafunzi walipoondoka alifungua daftari la saa na, kwa mara ya kwanza, akaandika muda wote: saa mbili.

Mama Saa, ahsante kwa kila ulichotufundisha, na kwa ulichokificha. Nenda salama kwa seremala wako. Tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu, na safari hii usijipunje hata nusu saa.