Mapunye Yasiyosikia Dawa: Risala ya Vinyozi wa Mazwi

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, shikamoo. Viongozi wa kata, wazazi na wateja wetu, habari za asubuhi.

KARIBU

Sisi vinyozi kumi na wanane wa Mazwi tunakukaribisha kwenye sikukuu yetu ya mwaka. Risala uliyotumiwa wiki iliyopita iliomba taa za barabarani. Tumeichana. Tuvumilie, hatujatulia.

TULIKOTOKA

Umoja huu ulianza na vinyozi watatu na kioo kimoja. Tulichojivunia ni kile tulichokiita kidole cha kuaga: kila kichwa kikishanyolewa kinapakwa dawa ya fangasi, kidole kimoja, bure. Mapunye yalipungua kweli. Wazazi walitusifu, watoto wakaletwa mpaka kutoka Mwimbi.

MAFANIKIO

Tulikuwa na mengi ya kuandika hapa. Tumebakiza hilo moja la kidole cha kuaga, na ndilo lililotuharibia.

CHANGAMOTO

Mwenzetu Eustaki ana binti, Angela, wa darasa la tatu. Mapunye yake yalianza kama shilingi, sasa yamekula nusu ya kichwa na yanatoa maji. Amepakwa krimu mbili, akameza vidonge mpaka mwisho kama alivyoandikiwa. Wapi, hakuna kitu. Nesi Mwasiti wa zahanati akamuuliza Eustaki, "Hii dawa ya saluni mnampaka nani?"

"Kila mtu, nesi. Kidogo kidogo."

"Hicho kidogo ndicho shida, baba."

Akatueleza. Dawa kidogo huua fangasi dhaifu tu. Katika maelfu hawakosekani wachache waliobadilika: dawa haipati pa kuwashika, au ikiingia wanaisukuma nje. Hao hubaki peke yao, huzaliana, na kizazi chao huzaliwa kigumu. Sisi tukawabeba kwa mashine zetu, kichwa hadi kichwa. Na kwa baridi hii ya kwetu, kofia moja ya sufu huvaliwa na watoto watatu.

Nesi hakuapa kwamba ya Angela yalianzia hapo. Alisema kipimo ndicho kitakachosema. Lakini Eustaki alimnyoa mwenyewe na kumpaka mwenyewe, kila mwezi. Sasa hataki kushika mashine. Watoto wengine saba tumeshawaona na dalili hizo hizo, na tunaogopa.

MAOMBI

Kwanza, magamba ya kichwa cha Angela yapelekwe maabara inayoweza kuotesha fangasi na kujaribu dawa ipi bado inawaua, kabla hajaandikiwa nyingine kwa kubahatisha. Pili, tufundishwe kusafisha mashine inavyotakiwa. La tatu ni geni kutoka kwa vinyozi: shule zinafunguliwa Jumatatu na walimu wanataka vichwa vilivyonyolewa. Tunaomba uwaambie wasubiri. Makopo yote ya dawa tumeshayakabidhi zahanati.

KUAGA

Kila mwaka mgeni rasmi hukalia kile kiti cha mbele, akanyolewa, watu wakapiga makofi. Leo tumekifunika kwa kanga. Tunakuomba usikikalie.

Badala yake, tazama mstari wa kwanza, mtoto mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Huyo ndiye Angela. Anayekusomea ni baba yake. Tunaomba umfungue kitambaa sasa hivi, mbele yetu sote, uone tulichokifanya.

Mungu akulinde, awalinde na wanao kuanzia utosini.

Ni sisi,
Umoja wa Vinyozi Wembe Safi, Mazwi, Sumbawanga.