Dereva Asiyekohoa: Kumuaga Valeriani wa Gari la Wagonjwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuendesha gari la wagonjwa la hospitali yetu ya misheni hapa Ifakara, Ndugu Valeriani Apolinari anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Anastaafu akiwa na saratani ya kongosho. Kamati ya hafla iliomba wasifu wa kuchangamsha. Tutachangamka panapostahili, kwingine tutasema kwa hasira, maana hata Bwana wetu alipindua meza.

Alianza kazi wakati mto Kilombero ukivukwa kwa pantoni. Masika yalipofunika barabara ya Malinyi, alivua viatu, akatangulia kwa miguu kupima kina cha maji, kisha akarudi kwenye usukani. Mama mmoja wa Mlimba alijifungulia ndani ya gari lake, na binti yule akabatizwa Valeria.

Kivukoni ndiko alikojifunza sigara. Madereva waliosubiri pantoni hawakuhesabu muda kwa saa. Aliyeuliza itafika lini, alijibiwa: "Bado sigara mbili, kaka." Daraja likajengwa, pantoni ikaondoka, sigara ikabaki mdomoni.

Alipoonywa alijigamba: "Sigara ni ugonjwa wa kifua. Nani amewahi kunisikia nakohoa?" Na kweli hakukohoa, besi yake kwaya nzima iliiegemea. Uongo huo, kwamba sigara ni ya kifua tu, ndio unaotuchoma. Moshi haukomei kifuani. Sumu yake huingia katika damu, na damu huifikisha kwenye kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kinachosaidia kumeng'enya chakula na kuratibu sukari mwilini. Si kila mwenye saratani hii alivuta, wala hakuna daktari atakayeapa kwamba kwa Valeriani ni sigara peke yake. Lakini hatari ya mvutaji ni takribani maradufu ya asiyevuta, na anayeacha, hatari yake hupungua kadiri miaka inavyopita.

Mwaka jana alianza kukonda. Mgongo ukamuuma, sukari ikapanda bila kutarajiwa, macho yakawa ya manjano. Sisi watu wa bonde la malaria tunajua bandama, inayovimba kwa homa hiyo, kongosho hatulijui. Basi akakandwa ubavu wa kushoto, akanyweshwa mizizi ya bandama, na miezi ikapotea. Daktari alipolitaja jina lenyewe, mkewe, Mama Balbina, aliuliza: "Hilo kongosho ndiyo bandama kwa Kiswahili cha shule?" Asichekwe. Nani alimfundisha? Sigara imefika katika kila kibanda cha bonde hili. Neno hilo moja halikufika.

Wiki iliyopita madereva wenzake, kwa desturi yao ya kumuaga mstaafu, walimpelekea nyumbani katoni ya sigara iliyofungwa utepe. Desturi gani hiyo mbele ya mgonjwa? Valeriani alimtazama Nazari, dereva anayempokea usukani, akasema: "Mdogo wangu, hii umeniletea mimi au umewaletea mchwa wa kaburini?" Mama Balbina aliichukua, akaenda kuitupa chooni. "Shimo halina kongosho," alisema aliporudi. Wote wakacheka. Nazari naye akacheka, akaaga, na kabla hajafika barabarani akawasha yake.

Valeriani alimwona kupitia dirisha. Tangu siku hiyo hataki saa ya ukutani wala kitenge cha kumvisha mkewe. Zawadi anayoidai ni moja, kwamba kijana huyo aache. Na sisi tunadai pamoja naye. Mwili ni hekalu, na hekalu halifukizwi sumu.

Ndugu Valeriani, asante kwa kila mgonjwa uliyemfikisha. Tunakuombea siku zenye amani, dawa ya maumivu isiyokosekana, na meza yenye watoto na wajukuu wako. Tunakutakia maisha mema, mengi au machache, kama Mungu atakavyojalia. Siku ya hafla kila mmoja atapita kukupa mkono wa kwaheri. Nazari atatangulia, na mkono wake usinuke moshi.