Mwalimu Kranendonk na Waya wa Kijani

Baada ya miaka thelathini na miezi kumi ya kazi, Mwalimu Huibert Kranendonk anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 30 Juni 1978. Alianza kufundisha umeme katika shule yetu ya ufundi hapa Rotterdam mwezi Septemba 1947. Wakati huo karakana ilikuwa banda la mbao, na ukisimama dirishani uliona moja kwa moja hadi mtoni, kwa sababu nyumba zote za katikati zilikuwa zimeteketezwa kwa mabomu. Sasa dirisha hilohilo linatazamana na jengo la ghorofa tisa, na nyaya zake zote zimepitishwa na vijana aliowafundisha yeye.

Anayemjua Mwalimu analijua pia kopo lake la biskuti. Hulifungua saa nne asubuhi, kila mtu huchukua moja ya kunywea kahawa, kisha hulifunga kwa kishindo. Bwana Verschoor wa useremala amejaribu kwa miaka kumi na tisa kupata ya pili. "Huib, una moyo kama fyuzi," humwambia, "mtu akizidisha kidogo tu, unakata." Mwalimu hucheka, lakini kopo halifunguki.

Tumemjua zaidi kwa sheria yake moja: aliyeunga mashine ndiye wa kwanza kuigusa. Kwanza kwa kipimo, kisha kwa kiganja chake mwenyewe, wenzake wakitazama. Wengi tulidhani ni ukali tu. Mwaka huu ametueleza sababu, na amekubali iandikwe hapa.

Mwaka 1949, dada yake mkubwa, Bibi Neeltje, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kufulia nguo karibu na bandari. Ililetwa mashine kubwa ya kufulia kutoka Uingereza, miongoni mwa misaada ya kuujenga upya mji. Mwalimu aliombwa kuiunga. Kebo yake ilikuwa na nyaya tatu: kijani, nyekundu na nyeusi. Kwetu siku hizo fundi yeyote alijua kwamba kijani ndio waya wa moto na nyekundu ndio unaorudisha umeme. Akaunga hivyo bila kusita, na ule mweusi uliobaki akaupeleka ardhini.

Kwa Waingereza, kijani ulikuwa waya wa kinga, ule wa kupelekwa ardhini, uliofungwa kwenye bodi ya chuma ya mashine.

Akawasha swichi. Mashine haikuzunguka. Bibi Neeltje akasema, "Huib, umeiunga au umeibariki tu?" Akaweka kiganja juu ya mfuniko aone kama imekwama. Alirushwa nyuma hadi kwenye vikapu vya nguo. Sakafu ilikuwa na maji. Kilichomwokoa ni viatu vyake vya mbao, vipya na vikavu, alivyokuwa amevivaa asubuhi ile kwa mara ya kwanza. Alibaki na kovu kiganjani. Tangu siku hiyo hakugusa tena mashine yoyote yenye bodi ya chuma. Miaka ishirini na tisa amefua kwa mikono.

Mwalimu hakukosea kwa uzembe. Alifanya sawasawa alivyofundishwa, na aliyeitengeneza mashine naye alifanya sawasawa alivyofundishwa. Hilo ndilo lililomnyima raha. Nchi zilikuwa zikiuziana mitambo mipya kila mwezi, na kila nchi ilikuwa na rangi zake. Aliandika barua kumi na nne kwa kamati za viwango, na mara moja akaitwa kwenye kikao cha wataalamu wa nchi kadhaa, akaenda na kipande cha ule waya wa kijani mfukoni. Hadai kwamba yeye ndiye aliyeamua lolote. Lakini rangi za pamoja zilipotangazwa, yaani kahawia kwa moto, buluu kwa kurudisha, na kijani chenye mistari ya njano kwa kinga, alifungua lile kopo mara mbili kwa siku moja. Bwana Verschoor alikuwa mgonjwa nyumbani siku hiyo.

Tangu hapo, kila likizo, amekuwa akibadilisha kebo za mashine zetu arobaini na tatu. Aliiacha moja iwe ya mwisho. Nyumba ya kufulia ilipofungwa, mashine ile ya Kiingereza ililetwa kwetu, ikakaa pembeni chini ya turubai bila kuungwa. Alimwahidi dada yake kwamba hatastaafu kabla ya kuitengeneza, na kwamba atamwita aione. Bibi Neeltje alimjibu kwamba yeye hatakanyaga humo.

Jumanne iliyopita alikuja. Ana miaka sitini na minane. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu, ameshika mfuko mkubwa. Mwalimu alimwonyesha zile rangi tatu, akapima, akawasha, kisha akanyoosha mkono ili aguse kwanza, kama sheria inavyosema.

"Ondoa mkono wako, mdogo wangu," Bibi Neeltje alisema.

Akaweka kiganja chenye kovu juu ya mfuniko. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi.

"Inanguruma tu," akasema. "Kama paka." Kisha akamimina ndani yake, kutoka kwenye mfuko, mashati ya mdogo wake aliyokuwa akimfulia miaka yote. "Haya, fua. Mimi nimechoka." Mwalimu alikaa chini kwenye kiti cha karibu, na kopo likapitishwa mpaka likaisha. Bwana Verschoor alikula biskuti nne.

Mwalimu Kranendonk, asante kwa kila mashine tuliyoigusa tukarudi nyumbani wazima. Ahadi yako imetimia, na hakuna kilichobaki nyuma cha kukunyima usingizi. Tunakuombea afya, miaka mingi ya utulivu, na mashati safi.