Vidole vya Filista Atai

Wa nyuma sogeeni, mketi, tuwaambie Filista Atai alikuwa nani. Alizaliwa Kisoko, Tororo, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa mzee Olupot, aliyetangulia, na mama Akiror, huyu aliyeketi mbele, naye Atai alitoka tumboni amekunja ngumi, mkunga akacheka, "Huyu ameshika nini?"

Alisoma hapo hapo Kisoko hadi darasa la sita, mwaka 1987, kisha akajifunza kusuka nywele kwa shangazi yake Busia, mkono mwepesi, hata wanawake wa upande wa Kenya wakawa wanavuka mpaka kumfuata. Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa kanisani na Bwire wa hapa Masaba, wakajaliwa Taaka mwaka 1998 na Phillip mwaka 2001.

Mwaka 2009 vidole vilianza kuvimba na kukakamaa kila asubuhi, kisha vikapinda, vyote vikaegemea upande wa kidole cha mwisho, wateja wakanong'ona, "Huyo amegusa cha watu, amerogwa," wakahamia kwingine. Mama yake hakujua kuwa ni ugonjwa, akamfunga vidole kwa vijiti na vitambaa wiki tatu ili vinyooke, Atai akilia, "Mama, fungua," naye akimjibu, "Vumilia, mwanangu." Ni mwaka 2012 daktari wa Tororo aliposema hii ni baridi yabisi, dawa zikatuliza maumivu, ila vilivyopinda havikurudi.

Kazi hakuacha, aliketi kwenye kigoda akamfundisha Taaka kwa mdomo, "Gawa, vuta, si hivyo we, hicho ni kichwa cha mtu, si kamba ya mbuzi," wateja wakarudi, wengine kuja kucheka tu.

Septemba mwaka huu mapafu yalidhoofika, akalazwa, akamshika mama yake kwa viganja viwili, akasema, "Nikienda, msininyooshe." Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi. Jana waliomwosha walileta vitambaa, wakisema maiti hulazwa mikono imenyooka, mama Akiror akavichukua, akavikalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomchotea maji miaka yote hiyo, na wasusi wenzake wa Busia, waliomsuka jana bila kuitwa. Mtakapopita kumuaga mtaiona mikono yake ilivyo, msigeuze macho.

Atai, pumzika, hakuna atakayekufunga tena.