Ndigana Imebadilika, Nawe Unaondoka Saa Tisa

Mgeni rasmi, uliyetoka mbali, mkurugenzi wetu, wafugaji na majirani mliofika,

Sisi wafanyakazi wa maabara ya kupe tunakukaribisha kwa mikono miwili utufungulie chumba kipya cha kusoma vinasaba. Tulikubaliana kikaoni tukuite "mgeni rasmi" mwanzo hadi mwisho. Utuwie radhi ulimi ukiteleza, kwani hapa ulikuwa Dada Kupe, na aliyekubandika jina hilo, mhudumu wa zizi, ndiye anayesoma risala hii.

HISTORIA

Ulikuja ukiwa mwanafunzi, ukakaa kwenye kigoda zizini, ukiwavalisha ndama mifuko ya kitambaa masikioni ili kupe wanyonye damu bila kutoroka. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba vimelea vya ndigana, homa ya ng'ombe iletwayo na kupe, si ukoo mmoja. Kupe mmoja akinyonya aina mbili, huoana tumboni mwake, na wanaozaliwa hawafanani kabisa na baba wala mama. Msomaji wenu alicheka siku nzima: "Kumbe tumboni mwa kupe kuna harusi na sisi hatujaalikwa!"

Kisha ukapata nafasi ya masomo ng'ambo. Ulisema unakwenda na kurudi. Tulikuamini, na tunakuamini bado.

MAFANIKIO

Sampuli zako tumezilinda. Damu ya yule ng'ombe mweupe uliyempenda, Bi Harusi, imo kwenye tangi la baridi kali, na vimelea vyake vimelala vilevile ulivyoviacha. Chanjo iliyotokana navyo imeokoa ndama wengi, na wako watoto hapa waliokua kwa maziwa ya ng'ombe hao.

Kwa mashine mpya ya kusoma vinasaba pia tumejitahidi. Tunaifuta vumbi kila asubuhi. Tunaiwasha, taa ya kijani inawaka, tunapiga makofi, tunaizima. Zaidi ya hapo hakuna anayeijua.

CHANGAMOTO

Ndigana ya nje haikulala. Ng'ombe wanaochungwa kando ya msitu hupandwa na kupe walionyonya nyati, na tunadhani aina mpya zinatoka huko. Tunadhani tu.

Mwezi uliopita mama mmoja, jirani yetu, alifika getini na kamba tupu mkononi. "Wanangu, ndama wangu si mlimchanja? Mbona amekufa?" Tulimpa pole, tukampa na chai. Alipoondoka, kila mmoja wetu alijua mwenzake anamuwaza nani.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba gesi ya tangi iletwe kabla haijaisha, si baada ya sisi kuanza kukimbizana. Pili, paa la zizi linavuja.

Ombi la tatu mkurugenzi alilikata kwa kalamu nyekundu, akasema si la kusomwa mbele za watu. Atusamehe, tunalisoma.

Ratiba inasema utakata utepe, utakula, utaondoka saa tisa. Zizini yuko kitukuu wa Bi Harusi. Alichanjwa kwa vimelea vya ukoo wake mwenyewe, lakini tangu juzi ana homa na tezi zimevimba chini ya masikio. Dawa amepewa. Damu tulimtoa kabla ya dawa, iko kwenye barafu. Tunaomba uisome wewe, nasi tukiwa nyuma yako tunajifunza, ili yule mama akirudi tuwe na la kumwambia. Ulitufundisha mwenyewe kwamba kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Basi usiondoke saa tisa. Chumba chako cha zamani tumekipiga deki, na kigoda tumekisogeza karibu na ndama.

Dada, tumekukumbuka mno. Huko nje kila kitu kimebadilika. Tuliobaki kama ulivyotuacha ni sisi na vile vimelea vya kwenye tangi.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani. Na ukikubali ombi la tatu, akulinde hapahapa. Dereva wako tumeshamwonyesha pa kulala.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa maabara ya kupe: wa zizini, wa mezani, wa jikoni na wa getini.