Shilingi ya Wapi

Wachungaji, wazee wa Tororo na Busia, nyinyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, na wewe John Paul uliyekaa pale mbele na udongo wa kaburi bado uko kwenye viatu vyako, mimi ni Harriet, kifungua mimba wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na mtanisamehe nikisoma mbio, kwa sababu hadi Jumatano ya wiki hii hatukuwa na hakika kwamba tungemzika hapa, na furaha ya kuwa hapa inanisukuma hata katikati ya msiba.

Mzee Olweny Odoi alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 huko Sop Sop, wilaya ya Tororo, mtoto wa nne wa wakulima wa mtama na mihogo, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari mjini Tororo kwa miaka miwili tu, karo ikakatika, na kuanzia 1972 hadi 1979 alikuwa karani wa geti katika kiwanda cha saruji, akiandika namba za malori yanayoingia na kutoka, kazi iliyomwachia ugonjwa wa kuandika namba, nao haukupona.

Mwaka 1980 alihamia Busia kubeba mizigo mpakani, na tarehe 6 Juni 1981 alinunua samaki wakavu kwa msichana wa Masafu aitwaye Nerima, ambaye ndiye mama yetu huyu, aliyekuwa akiuza upande wa Kenya, akaambiwa shilingi kumi, akatoa kumi ya Uganda, akaenda zake, na Nerima akamfuata hadi upande wa pili, akamwambia mbele ya umati kwamba kumi aliyotaja ni ya Kenya, na kwamba mtu mwenye akili huuliza kwanza shilingi ya wapi. Baba aliona aibu, akalipa, akarudi kesho yake kununua samaki ambao hakuwahitaji, na tarehe 18 Desemba 1982 wakafunga ndoa kanisani Masafu, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Allan na Loy, na toka siku ile ya samaki hakuna aliyemtajia bei bila kuulizwa shilingi ya wapi, mpaka mpakani wakamwita Ya Wapi.

Tarehe 18 Mei 1987, siku chache baada ya noti mpya za Uganda kutoka na sifuri mbili kukatwa, alianza kubadilisha pesa karibu na geti la mpaka, na siku hiyo hiyo akafungua daftari lake la kwanza, akaandika tarehe na namba tisa, maana yake shilingi moja ya Kenya ilinunuliwa kwa tisa za Uganda pale barabarani. Hakuacha tena, madaftari arobaini na moja, kila siku ya kazi mstari mmoja, thelathini na tatu mwanzoni mwa 1992, kumi na saba na nusu mwaka uliofuata Kenya ilipoporomoka na wenzake wakalia, thelathini na sita mwaka 2018, ishirini na nne Januari 2024, na kila asubuhi, kabla ya kutusalimia sisi watoto wake, aliuliza Kenya imeamka na ngapi.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na sukari, baadaye figo zikachoka, akalazwa mara tatu katika hospitali ya Masafu, na Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa ameacha neno moja tu, azikwe hapa Buteba, upande huu wa Uganda, katika shamba lake alilonunua kwa marehemu mama Alungat, na wazee wa ukoo kule Sop Sop wakakubali.

Jumanne John Paul, mwana wa Alungat, akaja na karatasi ya mauzo ya tarehe 9 Agosti 1993, akisema kwa heshima kwamba shamba halikumalizwa kulipwa, na tulipoisoma tukamwita Mama aje aione, kwa sababu imeandikwa kwa mkono wa Baba, zimepokelewa shilingi elfu ishirini na tano, basi, bila kusema ya wapi. Ya Wapi mwenyewe alisahau! Ikiwa ni za Uganda, hizo zilikuwa pesa za mbuzi wachache, si za shamba, na pembeni kulikuwa na namba 17½ ambayo John Paul aliamini ni awamu zilizobaki, ingawa Mama alimuuliza awamu nusu inalipwaje.

Usingizi ulikataa, na Jumatano nikalifungua daftari la tisa, nikatafuta tarehe 9 Agosti 1993, nikakuta 17½, na hapo nikapiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna msiba wa pili, kwa sababu mwenye kupokea pesa za Uganda akiwa Uganda hana haja ya kujua Kenya imeamka na ngapi, basi mama Alungat alilipwa za Kenya, akaandikiwa namba ya siku ajue akibadilisha atapata ngapi, yaani zaidi ya laki nne za Uganda, bei ya shamba. John Paul alisoma mstari ule mara mbili, akacheka, akaondoka, na jana akarudi na jembe, akawa wa kwanza kuchimba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Masafu, hasa wale waliopiga simu mpakani kila asubuhi ili mgonjwa aambiwe namba yake kabla ya dawa, tunawashukuru majirani wa Buteba kwa kuni, maji na viti, na wabadilishaji pesa wenzake wa pande zote mbili, ambao leo hawakufungua kazi.

Baba, leo Kenya imeamka na ishirini na saba na nusu, Allan ameiandika, na ardhi unayoilalia ililipwa yote, kwa shilingi ya Kenya. Pumzika kwa amani, Ya Wapi.