Mama Brightson Hakuuza Namba ya Abiria Yeyote

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Bi. Tupokigwe, ambaye sie wa getini tunamwita Mama Brightson, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alianza akiandika tiketi za mabasi kwa karatasi za kaboni hapa hapa Temeke, vidole vya bluu mpaka kwenye ugali. Seva zilipoletwa, yeye akaenda kuzisomea. Wengine tukabaki kuziogopa. Kila meneja aliyepita hapa, Mama Brightson alimwita "mwanangu", hata yule aliyemzidi mvi.

Sasa ratiba ya sherehe ya kumuaga inasema mwaka juzi "alipata uzoefu wa huduma kwa wateja". Uzoefu! Nyie mliosoma msitufanye watoto.

Mambo yalikuwa hivi. Seva ya mbele hupokea maombi ya abiria na kuyapitisha kwa seva ya nyuma. Mama Brightson akagundua kwamba hazikubaliani ombi moja linaishia wapi. Nilipomwambia sielewi, akanipigia mfano wa harusi. Mlango wa nje wanasoma kadi kuwa dabo, wanapita wawili. Mlango wa ndani wanaisoma singo, anaingia mmoja. Yule wa pili harudi kwao ng'o! Anasubiri, mgeni mwingine akifika anajipachika kwenye kadi yake. Basi mhuni wa mtandaoni hutuma ombi lenye mkia, na mkia ule unamganda abiria anayefuata.

Akaomba mwanya huo uzibwe kabla ya Desemba. Bwana Revelian, meneja wetu, akamjibu mbele za watu: "Mama, mtandao unakwenda vizuri, wewe unatafuta mchawi tu."

Desemba, watu wakienda kwao kula sikukuu, abiria wa Bukoba akafungua tiketi yake akakuta jina na simu ya mtu wa Tukuyu. Malalamiko yakamiminika. Nani alaumiwe? Mama Brightson! Eti anauza namba za abiria. Akanyang'anywa nywila, akawekwa kupokea simu, atukanwe na watu wale wale aliotaka kuwakinga.

Januari, yeye akiwa bado kwenye simu bila nywila, yakatokea tena. Wakaitwa mafundi wa nje, wakaona kile kile alichosema. Seva zikarekebishwa zihesabu sawa, naye akarudishwa chumbani kwake kimya kimya, kama kiti kilichoazimwa. Mpaka leo Kawe anakoishi wapo wanaomwita mwizi wa namba, na hapa ofisini hakuna aliyefumbua mdomo kumsafisha.

Mama Brightson, asante kwa kazi, kwa maneno yako makali na kwa chai ya tangawizi. Mungu akupe afya, ndizi zistawi huko kwenu Tukuyu, na simu yako iite kwa habari njema tu.

Nawe Bwana Revelian, Ijumaa atakulisha keki kwa mkono wake, mbele ya majirani zake wa Kawe tuliowaalika. Kabla hujaimeza, shika kipaza sauti useme: tulimwonea.